Hiyo picha ya fataki si ya urujuanimno

*Msomaji wa Malindi anauliza:* Shikamoo mwalimu. Mimi napiga picha za harusi. Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba ambayo kioo chake cha ndani cha kuzuia infraredi kimeshatolewa, na aliyeniuzia akaniongezea filta mbili: moja ya infraredi ya nanomita 720, na nyingine nyeusi yenye mng'ao wa zambarau, aliyosema ni ya urujuanimno. Usiku wa mwaka mpya nilisimama ufuoni Silversands nikazipiga fataki za hoteli kwa filta zote mbili. Ya infraredi imetoka, ila fataki nyekundu na za kijani zote zimekuwa nyeupe, sizitofautishi. Ya urujuanimno nayo imetoka safi, tena inafanana sana na ile ya kwanza. Nimekosea wapi? Na mwaka huu nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha zote nne ulizonitumia, nikazikuza mpaka pikseli zikaanza kuonekana. Kwenye zile za infraredi hukukosea kitu. Kasoro iko kwenye hizo unazoziita safi. Ile mikia ya dhahabu inayoning'inia kama makuti ya mnazi, mirefu mpaka karibu na paa la hoteli, ndiyo iliyotoboa siri. Urujuanimno hauwezi kuing'arisha mikia ile namna hiyo. Uliyonayo ni infraredi iliyoingia kwa mlango wa uani, nayo filta yako ndiyo iliyoufungua.

Nitaanza na infraredi, maana ukiielewa hiyo, ya pili itajieleza yenyewe.

Mwanga hupimwa kwa urefu wa mawimbi yake, kwa nanomita. Jicho la mtu linaishia karibu nanomita 700 upande wa nyekundu, na ng'ambo ya hapo ndiyo infraredi; upande wa zambarau linaishia karibu 400, na ng'ambo yake ndiyo urujuanimno. Silikoni iliyomo ndani ya kamera inaona kupita hapo pande zote mbili, kuanzia kama 350 hadi kama 1100, na ndiyo sababu viwandani huwekwa kile kioo chako kilichotolewa. Watu wamejua zamani kwamba kuna kitu nje ya rangi. Mwaka 1800 William Herschel aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, pahali pasipo na rangi yoyote, na zebaki ikapanda. Mwaka uliofuata Johann Wilhelm Ritter akaweka kloridi ya fedha nje ya zambarau, nayo ikageuka nyeusi. Upande mmoja ulikamatwa kwa joto, wa pili kwa kemia.

Sasa fataki. Rangi unazozishangilia kwa macho ni za chumvi za metali zinazoungua. Nyekundu ni strontiamu, na mwanga wake umejikusanya kati ya nanomita 600 na 690 hivi. Kijani ni bariamu, kati ya 505 na 535. Bluu ni shaba iliyoshikana na klorini, sehemu kubwa kati ya 420 na 460. Manjano ni sodiamu, 589. Filta yako inaanza kufungua penye 720. Kwa hiyo strontiamu na bariamu zote mbili zilibaki nje ya mlango, na kutafuta tofauti ya nyekundu na kijani ndani ya picha ile ni kama kumtafuta kwenye picha za harusi mgeni ambaye hakualikwa.

Swali zuri zaidi ni hili: kama rangi zote zilizuiwa, ni nini kilichong'ara?

Vitu viwili. Cha kwanza ni joto lenyewe, lile linaloifanya kaa iwe nyekundu na msumari wa mhunzi uwe mweupe. Cha pili ni potasiamu, na hiki ndicho wapiga picha wengi hawakijui. Baruti ya kawaida ni shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10 katika kila 100. Shura ni nitrati ya potasiamu. Baruti hiyo ndiyo inayoirusha fataki juu, na ndiyo inayoipasua ikifika. Zaidi ya hapo, punje nyingi za rangi hupewa oksijeni yake na pakloreti ya potasiamu. Basi fataki nyekundu ina potasiamu, ya kijani ina potasiamu, ya manjano pia. Na potasiamu ikipashwa moto hutoa mistari miwili mikali ya mwanga iliyokaribiana, nanomita 766.5 na 769.9, pale pale ambapo jicho limeshachoka na filta yako ndiyo kwanza imefunguka. Wewe ulipokuwa ukiona nyekundu na kijani, kamera yako ilikuwa ikiiona potasiamu kila mahali.

Mimi naliona hilo kuwa tamu kuliko rangi. Picha yako imechungulia jikoni mwa fundi wa fataki na kuona alichopikia. Iangalie tena ile ya pili, yenye maua matatu kwa pamoja. Moja, la kushoto, limefifia sana kuliko wenzake, na umeniandikia kuwa kwa macho lilikuwa la bluu kali. Sitaapa, lakini baadhi ya punje za bluu hutengenezwa kwa pakloreti ya amonia, ambayo haina potasiamu, tena moto wake huachwa wa wastani kwa sababu ile kloridi ya shaba huvunjika moto ukizidi. Potasiamu kidogo na joto dogo: infraredi inakosa cha kushika.

Ukitaka kuvitenganisha vile vitu viwili, tafuta filta ya 850. Hiyo inaizuia potasiamu na kuacha joto peke yake. Piga fataki za aina moja kwa 720, kisha kwa 850, na kilichopungua kati ya picha hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni potasiamu. Usihangaike na rangi za ajabu utakazoziona skrini, zile za waridi na kahawia. Vile vichujio vidogo vyekundu, kijani na bluu vilivyopakwa juu ya pikseli havikutengenezwa kwa ajili ya infraredi. Kadiri unavyokwenda mbali, vyote vitatu huipitisha sawasawa, na penye 850 picha inakuwa karibu kijivu tupu. Hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoipokea, ugeuze iwe nyeusi na nyeupe, basi.

Tuje sasa kwenye mlango wa uani.

Mikia ya dhahabu ni vipande vya makaa na chuma vinavyoungua vikishuka. Tuseme joto lake ni kelvini 1500, yaani nyuzi 1227 za selsiasi. Fomula ya Planck ya mwanga wa kitu cha moto inatuambia kwamba kitu cha joto hilo, kwa kila sehemu moja ya urujuanimno wa nanomita 365, hutoa karibu sehemu 20,000 za mwanga wa 750. Elfu ishirini! Chukua sasa mripuko mweupe wa magnesiamu na alumini, tuseme kelvini 3000. Pengo linaanguka hadi kama 23 kwa 1. Joto limezidishwa mara mbili tu, lakini urujuanimno, ukilinganishwa na infraredi, umeruka mamia ya mara. Kwa hiyo katika picha ya kweli ya urujuanimno, mikia ya dhahabu inapaswa kuwa imetoweka, au imebaki kivuli, na miripuko myeupe ndiyo inayotawala. Kwako mambo yako kinyume.

Kioo cheusi chenye mng'ao wa zambarau, cha namna ile ile wanayoweka kwenye tochi za kukagulia noti bandia, hupitisha urujuanimno vizuri na huufunga mwanga tunaouona. Lakini kina tabia moja mbaya: huanza kuvuja tena kuanzia kama 690, na kuendelea hadi karibu 800. Kwenye tochi si neno, taa iliyomo ndani haina wekundu huo. Mbele ya fataki ni balaa, kwa sababu mistari ya potasiamu iko katikati ya upenyo huo. Hata kama kingevuja kiasi kidogo tu, sehemu 1 katika 1,000, kwenye mkia wa dhahabu ungepata sehemu 20 za infraredi ya wizi dhidi ya 1 ya urujuanimno. Bado sijataja kwamba lenzi na silikoni zenyewe huupenda wekundu kuliko urujuanimno.

Usione haya. Mimi mwenyewe niliuziwa kioo cha namna hiyo miaka iliyopita, nikajisifu nacho kaskazi nzima. Jioni moja nilikuwa nakijaribu hapa kwetu Lamu, kule Mkunguni, mbele ya ngome, nikielekeza lenzi huku na huku, nikaona kwenye skrini jiko la muuza mishikaki linawaka kama taa ya jahazi. Makaa! Makaa hayana urujuanimno wa kuonekana na kamera kama yangu. Nilirudi nyumbani nikafuta maelezo chini ya picha zangu zote.

Basi jaribio ni hilo. Washa jiko, subiri makaa yawe mekundu, zima taa, piga kwa filta yako ya zambarau. Makaa yakitokea, filta inavuja. Ukitaka uthibitisho wa pili, bandika ile filta ya 720 juu ya ile ya zambarau, zote kwa pamoja kwenye lenzi, upige tena. Moja inapitisha urujuanimno, ya pili inaukata kabisa, kwa hiyo kilichobaki kwenye picha hakiwezi kuwa urujuanimno hata kwa bahati. Na la tatu, la kukamilisha: weka miwani ya kinga ya mafundi, ile ya plastiki angavu ya polikaboneti, mbele ya lenzi yenye filta ya zambarau peke yake. Plastiki hiyo inazuia karibu urujuanimno wote. Picha isipobadilika, ujue hukuwa ukipiga urujuanimno tangu mwanzo.

Dawa yake ni kuongeza kioo cha pili cha kunywa wekundu. Wanaofanya kazi hii huchukua kioo cha kupitisha urujuanimno, cha aina ya UG11 au U-340, wakakiambatanisha na kioo cha buluu-kijani cha S8612 au BG40, ambacho hupitisha urujuanimno lakini humeza wekundu na infraredi ya jirani. Kuna pia filta moja tayari ya kampuni ya Baader, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopiga mawingu ya sayari ya Zuhura. Ni ghali, lakini huhitaji kubuni. Kwa hivi vya kuunganisha, rudia jaribio la jiko kabla ya kumwamini muuzaji. Kabla ya kumwamini hata mimi.

Lenzi nayo ina maneno. Ile ya kuvuta uliyotumia ina vioo vingi vilivyogandishwa pamoja na kupakwa tabaka juu ya tabaka, na lenzi nyingi za namna hiyo huufunga mlango kabla ya kufika 370. Nikon iliwahi kutengeneza lenzi maalumu ya milimita 105, UV-Nikkor, ya kwazi na floriti. Bei yake usiiulize. Njia ya maskini ni lenzi za zamani zenye vioo vichache, hasa zile za kukuzia picha chumba cha giza. EL-Nikkor ya milimita 80, ile ya umbo la zamani la chuma, inasifiwa sana kwa jambo hili. Utahitaji adapta ya kusogezea fokasi, kwa sababu lenzi ya kukuzia haina pete yake.

Kuhusu muda wa shata, naona uliacha wazi sekunde 25 kwenye ile ya urujuanimno ili "kukusanya mwanga". Kwa nyumba na mnazi hiyo ni sawa. Fataki inakimbia. Kila pikseli inaonja mwanga wa punje kwa chembe ya sekunde, kisha punje imeshapita kwa jirani. Ukizidisha muda, mkia hauzidi kung'aa hata kidogo. Unaongeza mikia mingine juu yake, na moshi. Kinachoamua mng'ao wa mkia ni tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Ndiyo maana pia wenzako wenye kamera za kawaida, ambazo kioo cha ndani bado kimo, hawawezi kupiga fataki kwa 720 hata wakiacha shata wazi mpaka alfajiri.

Kwa infraredi, anza na tundu la f/8, ISO 200, sekunde 3 au 4, uangalie grafu ya mwanga, hasa ule mstari mwekundu, maana ndio unaojaa kwanza. Kwa urujuanimno wa kweli, fungua tundu mpaka mwisho, ISO 1600 au 3200, shata fupi ya sekunde moja au mbili, na uwe tayari kuona giza. Zungumza mapema na hoteli, uulize kama kutakuwa na ile miripuko myeupe yenye kishindo au ile inayometa na kuzimika. Kama zote ni za dhahabu na rangi, iache filta ya urujuanimno mfukoni, ufurahie infraredi yako.

Fokasi itakusumbua kuliko vyote. Infraredi haikutani pahali pamoja na mwanga wa kawaida, na urujuanimno nao una pake. Lenzi za zamani zina alama ndogo nyekundu kando ya ile ya kawaida kwa ajili ya infraredi. Za siku hizi nyingi hazina. Inabidi ufokasi filta ikiwa tayari kwenye lenzi, kwa kutazama skrini iliyokuzwa. Lakini ufokasi nini? Nilikuwa nikitumia taa za Manda ng'ambo ya mlango wa bahari, mpaka zikaanza kubadilishwa kuwa za LED. Taa nyeupe ya LED karibu haina infraredi wala urujuanimno. Unaitazama kwa macho inawaka, kwenye skrini haipo. Mwezi unafaa kwa pande zote mbili, ukiwepo. Kwa infraredi, jiko la makaa lililowekwa mbali ufuoni linatosha kabisa, na mishikaki juu yake haidhuru. Ukishapata, bandika pete ya lenzi kwa selotepu usiiguse tena.

Mahali pa kusimama. Desemba ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, unausukuma moshi kuelekea kusini na bara. Umeniambia ulikuwa upande wa Casuarina, kusini ya fataki. Ndiyo sababu picha zako za mwisho zina utando. Mwaka huu kaa upande wa mnara wa Vasco da Gama, upepo ukiwa mgongoni mwako, na uangalie kama ni bamvua kabla ya kuchomeka tripodi mchangani. Moshi ni adui wa urujuanimno kuliko wa infraredi. Hewa safi yenyewe huutawanya mwanga wa 365 karibu mara 18 zaidi ya ule wa 750, na chembe laini za moshi mpya huelekea njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anza na urujuanimno, dakika ya kwanza ya fataki, hewa ingali safi. Infraredi ije baadaye. Futa lenzi kila mara, chumvi ya bahari na mafuta ya vidole vinaudhuru urujuanimno kabla hujaona dalili yoyote kwa macho.

Umeniuliza pia kwa nini sikuonyeshi zangu za kulinganisha. Huku kwetu fataki ni chache, na silalamiki. Vichochoro vya Langoni na Mkomani vimejaa punda, na punda akishtushwa na fashifashi ndani ya kichochoro hakuna pa kukimbilia, si yeye si wewe. Nilizonazo ni tano tu za kweli, na hazipendezi: giza tupu, nukta nyeupe tatu au nne, na katika moja, uzi mwembamba mahali ambapo kwa macho kulikuwa na ua zima la dhahabu.

Fanya lile jaribio la jiko wiki hii, ukiwa na filta zote mbili, unitumie matokeo kabla hujanunua chochote.